Kuvuka ziwa na gari la umeme: uzito, moto, na swali la maji

JaKano40 (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu wiki jana.

Naishi Kisumu na naendesha Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, mtumba wa kutoka Japani. Wiki jana tulikuwa na matanga upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Ukizunguka kwa barabara unapita Ahero, Katito, Kendu Bay hadi Homa Bay, ndipo uendelee, na kwa gari la umeme hiyo ni safari ya kuhesabu chaji kila kilima. Nikaamua kuvuka kwa feri. Gati sitaitaja, sitaki kumchongea mtu riziki yake.

Kwenye foleni, kijana anayepanga magari alikuja akasimama mbele ya boneti, akatega sikio. Akaniuliza kama nimezima injini. Nikamwambia hii haina injini, ni ya stima. Akazunguka nyuma, akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya bampa pale ambapo eksozi ingekuwa, akainuka akipangusa vumbi magotini. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema magari ya betri hulipuka, ameona video ya meli ikiungua kule Uholanzi. Wa tatu akasema gari hili ni zito mno, litalaza feri upande mmoja. Wakajadiliana dakika kumi hivi, honi zinapigwa nyuma, hatimaye wakanipandisha wakaniweka mwisho kabisa, karibu na mlango wa kushukia, nyuma ya lori la samaki. Magurudumu yakawekewa vigogo viwili vya mti.

Siwalaumu hata kidogo. Waliuliza maswali ya haki. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuwa na jibu, mimi mwenye gari nikiwa wa kwanza kukosa, na watoto wa shule walikuwa wamekaa kwenye benchi hatua nne kutoka kwenye betri yangu.

Halafu kuna kitu nilikiona ambacho ndicho kilinifanya nifungue uzi huu. Lile lori lilikuwa na masanduku ya samaki yaliyofunikwa barafu, na barafu ilikuwa inayeyuka. Maji yalidondoka sitahani, mfereji mwembamba tu. Feri ilipogeuka kutoka gatini ililala kidogo kushoto, na maji yote yakakimbilia kushoto. Ikainuka, yakarudi. Ikalala kulia, yakaenda kulia. Kwenye kona kulikuwa na tundu la kutolea maji, lakini limezibwa na magamba na kipande cha gunia, kwa hiyo maji yakakaa pale dimbwi. Nilitazama dimbwi lile mpaka tukafika.

Nikajiuliza: moto wa betri unazimwa kwa maji mengi. Je, gari langu likishika moto katikati ya ziwa, maji yote hayo ya kuzimia yataenda wapi?

Nimesoma usiku kadhaa. Uzito niumalize upesi. Leaf yangu ni kama kilo 1,500, na kati ya hizo betri ni kama 300. Probox ni zaidi kidogo ya kilo 1,000. Prado inapita 2,000. Kwa hiyo gari langu liko katikati ya Probox na Prado, na Prado zinavuka kila siku bila mtu kupapasa chini ya bampa. Lori linaloruhusiwa barabarani Afrika Mashariki linaweza kubeba tani 10 kwenye ekseli moja tu ya nyuma. Anayeogopa uzito aanze na lori.

Moto ndio wa kuzungumzia. Naomba mwenye ujuzi wa vyombo vya majini na mwenye ujuzi wa zimamoto waje hapa. Sitaki ubishi wa petroli dhidi ya umeme. Nataka kujua tufanye nini.

---

KakaBusia

Pole na msiba ndugu. Lakini mimi nasema wazi: magari haya yapigwe marufuku kwenye feri hadi tuwe na vifaa. Norway yenyewe, nchi ya magari ya umeme, kampuni ya Havila iliyakataza kwenye meli zake za pwani Januari 2023, pamoja na yale ya haibridi, yaani ya petroli na betri pamoja. Kama Mnorwe ameogopa, sisi ni nani? Na ile meli ya magari Fremantle Highway iliyoungua Julai 2023, magari zaidi ya 3,700 yalikuwa ndani, baharia mmoja akafa. Tumezika watu wa kutosha kwenye maji haya. MV Bukoba ilizama 1996. MV Nyerere 2018. Tusiongeze.

---

JaKano40

Kaka, uchungu wako naujua, na wa Nyerere ulifika hadi nyumbani kwetu. Ngoja nijibu kwa heshima.

Havila ni meli za safari ndefu za pwani, zinapita sehemu za mbali na msaada, na uamuzi ule ulikuwa wao wenyewe. Norway hiyo hiyo inavusha magari ya umeme kwenye feri za fiodi, zile ghuba nyembamba kati ya milima, kila siku ya Mungu. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme, sasa feri ingemkataa nani na kumbeba nani? Tena tangu 2015 wana feri iitwayo Ampere ambayo yenyewe inaendeshwa kwa betri.

Kuhusu Fremantle Highway, magari ya umeme yalikuwa kama 498 kati ya yote yale. Meli ilipovutwa hadi Eemshaven, sitaha za chini zilikutwa hazijaungua, na huko ndiko magari mengi ya umeme yalikokuwa. Haikuthibitishwa kwamba betri ndiyo iliyoanzisha. Video tunazotumiana kwenye simu hazisemi hivyo.

Takwimu za Norway na Sweden zinaonyesha gari la umeme huungua mara chache kuliko la petroli. Ila likiungua, moto wake ni wa tabia nyingine. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana sitaki marufuku wala sitaki tupuuze.

---

Zimamoto_Nakuru

Nimeona umetuita. Nimezima moto wa magari miaka mingi, Nakuru na kwenye barabara kuu ya kwenda Naivasha. Nieleze bila kutisha watu.

Betri ya gari ni mamia ya seli ndani ya sanduku la chuma lisiloingiza maji. Seli moja ikipata shoti ya ndani, kwa sababu ya kugongwa, kasoro ya kiwandani au chaji mbovu, inapata joto haraka kuliko inavyoweza kulitoa. Inapasuka, inatoa gesi, inaipasha jirani yake, na jirani anampasha mwingine. Gesi hizo zina haidrojeni, kaboni monoksidi na haidrojeni floridi ambayo ni sumu kali kwa mapafu. Mtungi wa unga au wa kaboni dioksidi utazima miali utakayoiona, lakini joto liko ndani ya sanduku. Dakika chache tu, moto umerudi. Wakati mwingine unarudi baada ya saa nyingi, hata siku.

Kinachosaidia ni maji, na kazi ya maji hapo ni kupoza. Yapige chini, kwenye sanduku lenyewe, kwa muda mrefu. Na yapige magari ya jirani ili moto usitambae. Kwenye sitaha hilo la pili ndilo muhimu zaidi: gari lililowaka limeshakwenda, okoa lililo karibu nalo.

Dalili za mapema: mvuke mweupe unaotoka chini ya gari wakati hakuna kitu kilichomwagika, sauti ya kufoka kama sufuria ya presha, na milio ya pop, pop, pop kama bisi. Ukisikia hivyo usifungue boneti. Usiiname kuchungulia. Ondoa watu waende upande upepo unakotoka.

Sasa habari njema kwa watu wa ziwani. Meli kubwa za magari zina sitaha zilizofungwa kama ghala, gesi inajikusanya humo ndani na inaweza kulipuka, na moshi haumpi zimamoto nafasi ya kuona. Feri zenu nyingi sitaha iko wazi, juu ni anga. Moshi unapanda unaenda. Hiyo ni faida kubwa sana, msiidharau.

---

BodaStima_Kondele

Mimi ni mwendesha boda ya umeme, kituo changu Kondele. Hapo kwenye dalili nimesisimka, maana sauti ya bisi nimewahi kuisikia. Rafiki yetu alipeleka betri kwa fundi wa mtaani baada ya kuanguka nayo, fundi akabadilisha seli chache, akaunganisha. Usiku ikawaka sebuleni. Tulitoa watoto, tukashukuru Mungu.

Nauliza: mbona mnazungumzia magari tu? Betri za pikipiki zinavuka ziwa kila siku, nyingine zimefungwa kwenye keria, nyingine mtu amezipakata miguuni kama kuku.

---

Zimamoto_Nakuru

Ndugu wa boda, umegusa penyewe, na mimi ningeanza na wewe kabla ya mwenye Leaf. Jiji la New York mwaka 2023 lilipoteza watu 18 kwa moto wa betri za lithiamu, na sehemu kubwa ya shida yao ni baiskeli na skuta za umeme, chaja zisizo zake na betri zilizofumuliwa na kuunganishwa upya. Betri ya gari ina sanduku gumu na kompyuta inayochunga kila kundi la seli. Betri iliyoanguka ikafunguliwa na kushonwa upya mtaani haina mlinzi.

Betri iliyovimba, iliyopasuka ganda au iliyowahi kuzama isipande chombo. Hata kama mwenyewe ni ndugu yako.

---

MzeeWaGatini

Vijana, nawasalimu. Nilifanya kazi kwenye meli za mabehewa hapa Kisumu enzi za reli, nimestaafu. Mjukuu wangu ndiye amenionyesha uzi huu na ndiye anayeniandikia.

Nianze na huyu wa Leaf. Kijana wangu, umetazama dimbwi la samaki safari nzima na umeona kile ambacho mabaharia wengi hujifunza kwa msiba.

Uzito kwenye chombo si kilo tu. Ni kilo, na ziko wapi, na zinatembea au zimetulia. Kwenye meli ya mabehewa hatukupakia upande mmoja ukajaa ndipo tuhamie wa pili. Behewa kushoto, behewa kulia, na yote yakafungwa kwa minyororo. Tani elfu moja zilizofungwa mahali pake hazinitishi. Tani tano zinazotembea zinanitisha.

Na hakuna kitu kinachotembea kama maji. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Mpira mmoja wa zimamoto unaotoa lita 400 kwa dakika, dakika kumi umekupa tani nne juu ya sitaha. Hizo ni Leaf mbili na nusu ambazo hazina breki ya mkono. Chombo kikilala kidogo kushoto, zote zinakimbilia kushoto, zinakilaza zaidi, na wakati kinajaribu kuinuka zinakikalia. Chombo kikiwa kipana na maji yakiwa na nafasi ya kutembea kutoka ukingo hadi ukingo, hali inakuwa mbaya zaidi. Maji kidogo yaliyotandaa yanaweza kuangusha chombo ambacho kingebeba lori la mawe bila taabu.

Tarehe 3 Februari 2006, feri ya Misri iitwayo al-Salam Boccaccio 98 ilikuwa Bahari ya Shamu ikitoka Duba kwenda Safaga. Moto ulianza kwenye sitaha ya magari. Mabaharia wakaupiga maji. Maji hayakutoka, yakajikusanya sitahani, meli ikalala, ikapinduka. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Hapakuwa na gari la umeme humo. Kilichoizamisha ni maji ya kuzimia moto.

Kwa hiyo nikiulizwa na mkaguzi nianze wapi, namwambia aanze na yale matundu pembeni ya sitaha. Ayamwagie ndoo kumi za maji, ahesabu dakika yanatoka. Gunia na magamba yatolewe kila safari, si kila mwezi. Tundu wazi halina gharama yoyote, ni fagio tu.

---

Mwl_Bungoma

Mzee, heshima zako. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na nimesoma ujumbe wako mara mbili, kesho nautumia darasani. Nitachukua sinia la chai, niweke maji kidogo na niliinamishe mbele ya wanafunzi. Halafu niweke vijiti vinavyogawa sinia mara tatu na niliinamishe tena. Wataona wenyewe tofauti.

---

MzeeWaGatini

Fanya hivyo mwalimu. Na vijiti vikiwa vimepangwa kwa urefu wa sinia, kutoka mbele kwenda nyuma, ndipo watakapoona.

---

NyarUyoma

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, navuka Luanda K'Otieno kwenda Mbita na kurudi. Nimewasoma kaka zangu wote na nimejifunza. Sasa nami niseme la abiria.

Petroli iko kwenye feri hizo hizo. Mtu anabeba mitungi ya lita 20 imefungwa kwa mfuko wa plastiki mdomoni, anaiweka kivulini, na kivuli ndiko wamama wenye watoto wanakokaa. Hakuna anayechungulia chini ya bampa la huyo. Tukiandika sheria ya betri tuandike na ya mtungi.

La pili, watu wanaobaki ndani ya magari. Mwaka 2019 Likoni, gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri likatumbukia, mama na binti yake ndani. Tulitazama habari ile siku kumi na kitu tukilia. Tangu siku hiyo mimi sibaki ndani ya gari la mtu. Je, gari la umeme linaweza kutembea lenyewe?

Na la tatu, magugu maji. Safari ya saa moja inageuka ya nusu siku upepo ukiyaleta magugu. Boti ya uokoaji nayo itapita wapi? Msifanye hesabu ya moto kana kwamba msaada uko dakika ishirini.

---

JaKano40

Dada NyarUyoma, asante kwa haya ya magugu, sikuwa nimeyawaza kabisa na yanabadilisha hesabu yote.

Swali lako la pili ni zito na najibu kwa ukweli. Gari la umeme halina gea ya kuachia injini ilishike kama tunavyofanya na Probox kwenye mteremko. Lina kitufe cha P kinachofunga magurudumu, na breki ya mkono. Vyote viwili vitumike, na kigogo juu yake. Kuna hatari moja ambayo kijana wa gatini aliigusa bila kujua alipouliza kama nimezima. Gari hili likiwa limewashwa halitoi sauti. Dereva anaweza kushuka akidhani limezimika, kumbe bado liko kwenye D, na mtoto akikanyaga pedali ya mwendo linaruka mbele. Tangu siku ile nazima, natazama dashibodi hadi iwe giza, natoka na ufunguo mfukoni na kusimama mbali nalo. Abiria wote nje.

---

KakaBusia

Mimi bado sijashawishika moja kwa moja, lakini nimesikia. Swali: likiwaka, kwa nini lisisukumwe ziwani? Liko mlangoni, fungua mlango, sukuma. Limekwisha.

---

MzeeWaGatini

Hapana mwanangu. Ukishusha mlango katikati ya ziwa umepunguza kinga ya maji kuingia. Gari limefungwa magurudumu, mtu wa kuondoa kigogo anainama kwenye ile gesi ya sumu. Na watu wote watakimbilia upande wa pili kwa pamoja, sitini au mia moja, uzito unaotembea wenyewe. Nyerere ilikuwa na uwezo wa watu 100, ikabeba zaidi ya mara mbili ya hapo, na waliokufa walipita 220.

Nahodha ana silaha nzuri kuliko kusukuma: usukani. Ageuze chombo ili upepo upeleke moshi mbali na abiria, apunguze mwendo, watu wakae chini wamegawanyika pande zote, jaketi zimevaliwa. Kisha apoze jirani kwa maji huku mtu mmoja kazi yake ni kutazama matundu tu. Kama gati iko karibu, aende gatini.

---

Zimamoto_Nakuru

Naongeza kwa mzee: usitumbukize kwa sababu nyingine pia. Betri iliyozama haijazimika. Kimbunga Ian kilipopiga Florida Septemba 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalianza kuwaka siku kadhaa baada ya maji kushuka. Chumvi inapitisha umeme vizuri na inakula viungo. Ziwa letu ni maji matamu, hatari hiyo ni ndogo zaidi kuliko Mombasa, lakini haijaisha.

Hapo niwaulize wa Kisumu: magari yaliyolala kwenye mafuriko ya Nyando huuzwa wapi baadaye?

---

JaKano40

Yanaoshwa yanauzwa. Tunayaona. Zulia jipya, harufu ya tope chini ya kiti. Kwa gari la petroli utapata hasara ya waya. Kwa la umeme, nakubali, hilo lisipande feri bila betri kupimwa.

---

BodaStima_Kondele

Na chaji je? Nasikia betri tupu haiwaki.

---

Zimamoto_Nakuru

Inaweza kuwaka, lakini nguvu iliyomo ni ndogo, kwa hiyo ni vigumu zaidi na moto ni mpole zaidi. Ndiyo maana betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege kama mzigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, tangu 2016. Kwa gari la mtu anayesafiri asilimia 30 ni ngumu, atafikaje nyumbani? Ila kuna tofauti kati ya kupanda na asilimia 50 na kupanda na 100.

Na la pili ambalo watu hawalijui. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji kama magari mengine. Ukiichaji kwa chaja ya kasi kisha ukaikimbiza barabarani, betri inafika gatini ikiwa na joto kali. Ipumzishe kivulini. Na ndani ya feri hakuna kuchaji chochote, gari wala boda.

---

NyarUyoma

Haya yote ni mazuri, lakini nani atayaandika pale gatini? Sisi tunasoma hapa, yule kijana wa kupanga magari hayuko hapa.

---

Mwl_Bungoma

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua vyombo hivi. Wenzetu wa Ulaya, shirika lao la usalama wa bahari, EMSA, lilitoa mwongozo mwaka 2022 kuhusu magari haya kwenye feri, na Uingereza nayo ikatoa wake mwaka huo huo. Kwa hiyo haitabidi mtu aanze na karatasi tupu. Ila ile ya Ulaya imeandikiwa meli zenye sitaha zilizofungwa na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Yetu inafaa iandikwe na watu wa ziwa, wanaojua magugu, mitungi ya petroli na barafu ya samaki. Niko tayari kuiandika kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na wanafunzi wangu watafsiri Kiluhya na Dholuo. Mzee na Zimamoto wanisomee kabla haijatoka.

---

MzeeWaGatini

Niletee. Andika na jambo la daftari. Zamani hakuna behewa lililopanda bila kuandikwa limebeba nini. Leo gari linapanda, anayejua kilichomo ni mwenyewe tu. Kama nahodha hajui gari la betri liko wapi kwenye sitaha yake, atapiga maji mahali pasipo. Daftari la shule linatosha: namba ya gari, aina, limewekwa wapi.

---

Zimamoto_Nakuru

Na haibridi ziandikwe. Note, Aqua, Fit, zimejaa Kisumu na Kakamega. Nyingine betri zake si za lithiamu na zote ni ndogo, lakini mwenye mpira wa maji anahitaji kujua kuna waya za volti kubwa chini. Zina rangi ya chungwa. Usikate waya wa rangi hiyo.

---

JaKano40

Wakubwa, nimerudi na habari, samahani kwa kimya cha siku tano.

Jana nilivuka tena kupeleka viti vya matanga vilivyokodiwa. Nilifika saa moja kabla, chaji asilimia 52, nikaegesha chini ya mti. Nilimtafuta yule kijana wa bampa. Nilimnunulia soda tukakaa, nikamsomea ujumbe wa Zimamoto na wa Mzee kutoka kwenye simu, polepole. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Aliuliza kwa mfano: mvuke mweupe nitautofautishaje na mvuke wa barafu ya samaki? Sikuwa na jibu, nimemwahidi kuleta. Zimamoto, tafadhali.

Magari yalipoanza kupanda aliniweka mlangoni tena, ila safari hii alihamisha benchi la abiria kwenda mbele, na aliliacha lori la samaki upande wa pili ili kuwe na pengo ambalo mtu anaweza kupita na mpira. Aliandika namba yangu nyuma ya kitabu cha risiti na neno "BETRI" kwa herufi kubwa, akampelekea nahodha.

Kisha akachukua fagio. Lile tundu la kona lilikuwa bado na gunia lile lile. Alilivuta, likagoma, akaenda akaleta kipande cha nondo akachokonoa hadi likatoka pamoja na magamba kiganja kizima, na maji yakashuka ziwani kwa sauti. Alizunguka matundu mengine yote, nikahesabu: sita. Mawili yalikuwa yameziba.

---

Zimamoto_Nakuru

Mwambie kijana: mvuke wa barafu ni baridi, unashuka na kutambaa sakafuni na hauna nguvu. Wa betri unatoka kwa msukumo, kama pumzi, na una harufu inayowasha koo. Asisogee kuunusa, harufu itamfikia. Akiwa na shaka achukulie ni betri, apige kelele, aondoe watu. Tukikosea tutaomba msamaha kwa mwenye samaki.

---

Mwl_Bungoma

Ukurasa uko tayari, maneno 310. Nimeanza na matundu na fagio kama alivyosema mzee. Nautuma kwenu wawili usiku huu.